Je, Mpira wa Kupumulia Umeingia Mahali Pake?

Wengi wetu tumewahi kutia sahihi ile karatasi. Mtoto anakwenda kutolewa mafindofindo, au mume amepata ajali ya barabarani, au sisi wenyewe tuko leba na daktari amesema kwamba mtoto hawezi kutoka kwa njia ya kawaida. Muuguzi anatuonyesha mahali pa kuandika jina, nasi tunaandika upesi bila kuuliza mengi. Tunachoogopa ni kisu. Tunawaza juu ya kidonda, damu na gharama. Ni wachache kati yetu wanaowaza juu ya pumzi.

Lakini kabla kisu hakijagusa ngozi, kuna kazi nyingine ambayo hufanywa kwa muda usiozidi dakika moja au mbili, na uhai wote wa mgonjwa hutegemea kazi hiyo. Mgonjwa aliyelazwa usingizi mzito kwa dawa mara nyingi hawezi kupumua vya kutosha mwenyewe. Vivyo hivyo mgonjwa aliyezimia kabisa kwa ajali, kwa malaria kali ya kichwani au kwa kifafa cha mimba, mara nyingi hawezi kuilinda njia yake ya hewa. Basi mtaalamu humpitishia mpira kinywani hadi kwenye njia ya hewa, kisha mashine au mkono wa mtu husukuma oksijeni hadi mapafuni.

Mpira huo umeokoa watu wasiohesabika. Hata hivyo, ukiingia mahali pasipo pake, na watu wasitambue, huua kwa dakika chache tu. Mwezi huu tumeona vyema tuzungumze juu ya jambo hili: watu wa hospitali hujuaje kwamba mpira umeingia mahali pake? Hatuandiki ili kumtia mama yeyote hofu, wala kuwalaumu waganga. Tunaandika kwa sababu mama anayejua jambo hili anaweza kuuliza swali moja dogo, na swali hilo lina maana kubwa.

Njia mbili zilizo jirani

Nyuma ya ulimi kuna milango miwili. Wa mbele ni njia ya hewa, ambayo huteremka hadi mapafuni. Wa nyuma ni umio, yaani njia ya chakula, ambayo huteremka hadi tumboni. Kila tunapomeza tonge, kidakatonge hufunika njia ya hewa ili chakula kisipotee njia. Kila mama aliyewahi kumpiga mtoto mgongoni kwa sababu amepaliwa anajua jinsi milango hiyo ilivyo karibu.

Mtaalamu huingiza kifaa chenye taa kinywani, huinua ulimi na kutafuta nyuzi za sauti, kwa maana mpira unatakiwa upite katikati ya nyuzi hizo. Mgonjwa akiwa ametulia, kinywa kikifunguka vizuri na mwanga ukiwa wa kutosha, kazi hiyo si ngumu kwa aliyefundishwa. Lakini saa ya dharura haina utulivu. Huenda koo limejaa damu au matapishi. Huenda uso umevimba, au shingo imefungwa kwa sababu inadhaniwa kwamba imevunjika. Huenda kazi yenyewe inafanyika ndani ya gari la wagonjwa, usiku, barabara ikiwa mbovu.

Katika hali kama hiyo, mpira unaweza kuteleza na kuingia njia ya chakula hata mikononi mwa mtu hodari. Jambo hilo peke yake si aibu wala si uzembe. Mpira hutolewa, mgonjwa hupewa oksijeni kwa barakoa na mfuko wa kukamuliwa kwa mkono, kisha hujaribiwa tena. Hatari kubwa huanza pale ambapo umeingia tumboni na kila mtu chumbani anaamini kwamba uko mapafuni. Ubongo ukikosa oksijeni kabisa huanza kudhurika baada ya dakika nne hadi sita hivi.

Dalili zinazodanganya

Mama anaweza kuuliza, "Je, si wataona tu kwamba mgonjwa hapumui?" Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba dalili nyingi ambazo watu walizitegemea tangu zamani zinaweza kudanganya.

Kwanza, kifua huonekana kuinuka. Hewa ikisukumwa tumboni, tumbo hujaa na kusukuma mbavu, na kifua nacho husogea. Pili, mvuke huonekana ndani ya mpira kama ule unaotokea kwenye kioo tukikipulizia. Lakini tumboni nako mna unyevu, na mvuke waweza kutoka huko pia. Tatu, daktari husikiliza kifuani kwa kifaa chake cha masikioni. Sauti ya hewa inayoingia tumboni husafiri mpaka kifuani, hasa kwa mtoto mdogo ambaye mwili wake ni mwembamba, na sikio lenye haraka likadhani kwamba ni mapafu.

Dalili ya nne hudanganya kuliko zote, nayo ni kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Ni kifaa chema sana na kimeokoa wengi. Lakini mgonjwa aliyevutishwa oksijeni nyingi kabla ya kulazwa anakuwa na akiba mapafuni na damuni. Kwa dakika kadhaa kifaa kitaonyesha 99 au 98, hali hewa haiingii kabisa. Namba inapoanza kushuka, muda wa thamani umekwisha kupotea.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kila mkulima anajua kwamba si kila wingu lina mvua.

Pumzi inayorudi

Sasa tuje kwenye dalili inayoaminika. Mapafu hayaingizi oksijeni tu. Pia hutoa hewa ya ukaa ambayo mwili umeitengeneza kwa kuunguza chakula. Hewa tunayovuta ina hewa ya ukaa kidogo mno, sehemu 4 hivi katika kila sehemu 10,000. Hewa tunayotoa ina sehemu 400 hadi 500 hivi. Tumbo halifanyi kazi hiyo. Kwa hiyo, kama hewa inayorudi kwenye mpira ina hewa ya ukaa nyingi, pumzi baada ya pumzi, mpira umeingia njia ya hewa. Kama haina, basi mpira huo usiaminiwe.

Kuna mashine inayopima jambo hilo, nayo huitwa kapnografu. Huunganishwa na mpira, na kwenye kioo chake huchora mstari. Mgonjwa anapotoa pumzi mstari hupanda, hukaa juu kidogo, kisha hushuka anapovuta tena. Mapafu yakiwa yanafanya kazi, kioo huonyesha safu ya vilima vinavyofuatana. Mpira ukiwa tumboni, mstari hulala bapa kama meza.

Hapa pana jambo ambalo kila mama anapaswa kulisikia. Mtu aliyekunywa soda muda mfupi kabla ya kuumia anaweza kuwa na hewa ya ukaa tumboni, kwa maana mapovu ya soda ni hewa hiyo hiyo. Mpira ukiingia tumboni, vilima vidogo vitaonekana kwenye kioo, kisha vitapungua na kutoweka baada ya pumzi chache. Kwa sababu hiyo miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 inataka vilima vionekane kwa pumzi zisizopungua saba kabla ya mtu kusema kwamba mpira uko mahali pake.

Tuseme pia kwamba mashine hii haimalizi kila kitu. Mpira unaweza kuwa ndani ya njia ya hewa lakini umezama mno, ukaingia kwenye pafu moja tu, mara nyingi la kulia. Vilima vitaonekana vizuri, na pafu la pili likawa halipati kitu. Ndiyo maana kusikiliza pande zote mbili za kifua bado ni lazima, pamoja na kutazama namba iliyoandikwa kwenye mpira pale unapopita midomoni, na kupiga picha ya kifua baadaye.

Yaliyoonekana Florida

Mwaka 2001 madaktari wa Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, walichapisha habari iliyowashtua wenzao. Walikuwa wamewapima wagonjwa 108 mara tu walipofikishwa hospitali na magari ya wagonjwa wakiwa tayari wamewekewa mpira. Kwa wagonjwa 27, yaani mmoja katika kila wanne, mpira haukuwa mahali pake. Wengi wa hao mpira ulikuwa katika njia ya chakula.

Watu hao hawakuhudumiwa na wajinga. Walihudumiwa na watumishi waliofundishwa, katika nchi tajiri, ndani ya magari yenye vifaa. Tatizo lilikuwa kwamba waliamini macho na masikio yao.

Mwaka 2005 ulitoka uchunguzi mwingine wa eneo hilo hilo. Safari hii waliwalinganisha wagonjwa 153. Miongoni mwa wale 93 ambao pumzi yao ilipimwa kwa mashine mfululizo tangu mpira ulipowekwa, hapakuwa na hata mmoja aliyefika hospitali na mpira uliopotea njia bila watu kujua. Miongoni mwa wale 60 ambao hawakupimwa hivyo, walikuwako 14. Hatuna haja ya kueleza zaidi. Mama yeyote anayejua kuhesabu mayai sokoni anaweza kuona tofauti hiyo.

Neno "mfululizo" lina uzito wake. Mpira uliowekwa vizuri saa mbili usiku unaweza kuhama saa mbili na nusu, wakati mgonjwa anapohamishwa kutoka machela kwenda kitandani. Kwa hiyo pumzi haipimwi mara moja ikaachwa. Hupimwa muda wote mpira ukiwa kinywani.

Mashine ipo, lakini nani anaiamini?

Mtu angedhani kwamba mashine ikishanunuliwa, jambo limekwisha. La hasha. Mwezi Agosti 2020 mama mmoja wa miaka 61 aliingia hospitali ya mji wa Milton Keynes nchini Uingereza kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Mpira uliingia njia ya chakula na jambo hilo halikutambuliwa kwa wakati. Mama huyo alikosa oksijeni na hatimaye akafariki dunia. Mwaka uliofuata ofisa mchunguzi wa vifo aliandika ripoti ya kutaka hatua zichukuliwe ili vifo vya namna hiyo visitokee tena.

Yawezekanaje, katika nchi ambayo mashine hizo ziko kila chumba cha upasuaji? Sababu zinajulikana. Mstari unapolala bapa, akili ya binadamu hutafuta maelezo mengine. Husema, "Mashine imeharibika." Husema, "Ni pumu, kifua kimebana." Mara nyingi husema, "Moyo umesimama, ndiyo maana hakuna pumzi inayorudi." Maelezo hayo ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko yote. Hata moyo ukiwa umesimama, mradi kifua kinakandamizwa vizuri na mpira uko mahali pake, hewa ya ukaa kidogo hurudi na mstari huinuka kidogo. Mstari ulio bapa kabisa humaanisha kwamba mpira haujaingia mahali pake, mpaka ithibitike vingine.

Chuo cha Kifalme cha Wataalamu wa Usingizi cha Uingereza kimekuwa kikieneza usemi mfupi ili ukae kichwani mwa kila mtumishi. Kwa lugha yetu tungesema: hakuna mstari, basi si mahali pake.

Ile miongozo ya 2022 inaongeza jambo ambalo sisi tuliolelewa kutowajibu wakubwa tunapaswa kulifikiri. Inashauri kwamba aliyeweka mpira na msaidizi wake, wote wawili, watamke kwa sauti kama pumzi inayorudi inaonekana au haionekani. Maana yake ni kwamba muuguzi kijana aliyesimama kando ana kibali, tena ana wajibu, wa kumwambia daktari bingwa, "Daktari, sioni mstari." Wengine wetu ni wauguzi, na wengine tuna mabinti wanaosomea kazi hiyo. Tuwafundishe kwamba kusema neno hilo si utovu wa adabu.

Wajawazito na watoto wachanga

Mama mjamzito ana hatari yake ya pekee. Koo huvimba kidogo wakati wa ujauzito, matiti makubwa huzuia kifaa, na tumbo huchelewa kusaga chakula wakati wa uchungu. Zaidi ya hayo, yeye hutumia oksijeni kwa ajili ya wawili, hivyo akiba yake huisha upesi. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa akina mama wanaolazwa usingizi mzito kwa ajili ya kujifungua, kuweka mpira hushindikana kwa mmoja katika kila 390. Hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari kupendelea sindano ya mgongoni panapowezekana. Mama akielezwa hivyo, asidhani kwamba ananyimwa usingizi kwa ubahili.

Kwa mtoto mchanga, njia ya hewa ina urefu wa sentimita 4 au 5 tu. Mpira unaweza kuzama au kuchomoka kwa kusogea kidogo. Mtoto akiinamisha kidevu, mpira huteremka. Akiinua kichwa, mpira hupanda. Kwa hiyo mama anayemtembelea mwanawe katika chumba cha wagonjwa mahututi anaweza kumshika mkono, kumsemesha na kumwimbia, lakini asimwinue kichwa wala kumgeuza bila muuguzi kuwapo.

Je, katika hospitali zisizo na mali?

Nchi jirani ya Malawi imetupa mfano mzuri. Kwa muda mrefu hospitali nyingi za huko hazikuwa na kapnografu hata moja. Mpango mmoja wa miaka ya 2016 na 2017 ulipeleka mashine 40 na kuwafundisha watumishi wa usingizi jinsi ya kuzitumia. Ndani ya miezi sita watumishi hao walitoa habari kwamba mashine ziliwasaidia kutambua mipira zaidi ya 40 iliyokuwa imeingia njia ya chakula. Nyuma ya kila mpira huo alikuwako mtu, na nyuma ya mtu huyo palikuwa na nyumba inayomngojea.

Kipo pia kifaa kidogo kisichohitaji umeme. Ni kikombe cha plastiki chenye karatasi ya dawa ndani, nacho huunganishwa kwenye mpira. Hewa ya ukaa ikipita, rangi ya zambarau hugeuka kuwa manjano. Pumzi ikivutwa, hurudi zambarau. Hakichori vilima, nacho hutumika kwa muda mfupi tu, lakini katika gari la wagonjwa au katika hospitali ndogo ni afadhali mara nyingi kuliko kubahatisha.

Na pale ambapo hakuna kimoja wala kingine, kanuni ya zamani ingali inasimama: mtumishi akiwa na shaka, autoe mpira na ampe mgonjwa oksijeni kwa barakoa. Mgonjwa hafi kwa kukosa mpira. Hufa kwa kukosa oksijeni.

Mama afanye nini?

Hatuwezi kuingia chumba cha upasuaji na kusimama nyuma ya daktari. Lakini yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

1. Uliza kabla ya kutia sahihi. Sema kwa upole: "Daktari, nani atamlaza mwanangu usingizi? Mnayo mashine ya kupima pumzi inayotoka?" Mtaalamu mwema hatakasirika. Kuuliza si ujinga.

2. Sema kweli juu ya chakula na kinywaji. Kwa kawaida hospitali hutaka saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama na saa 2 bila maji, lakini fuata ulivyoambiwa. Kama bibi amempa mtoto soda au uji kwa huruma, usifiche ili kumwokoa bibi na aibu.

3. Taja meno yanayolegea, meno ya bandia, pumu, kukoroma sana usiku na mzio wa dawa.

4. Kama wewe au mtu wa nyumbani aliwahi kuambiwa kwamba ilikuwa vigumu kumwekea mpira, omba jambo hilo liandikwe, na uitunze karatasi hiyo pamoja na vyeti vya nyumbani.

5. Mtu aliyezimia usimpe kitu chochote kinywani, hata maji.

6. Wakati wa dharura wape watumishi nafasi. Kilio na msongamano mlangoni huwanyima utulivu wanaouhitaji ili kutazama kioo.

Liko na la saba, ambalo ni la kufanya pamoja. Vikundi vyetu vya akina mama huchanga fedha kila mwaka kwa ajili ya hospitali, na mara nyingi tunanunua mashuka, mapazia na sabuni. Hayo ni mema na yaendelee. Lakini safari ijayo tutume wajumbe wawili kwa mganga mkuu wamwulize kama chumba cha upasuaji na gari la wagonjwa vina kifaa cha kupima pumzi inayorudi, na kama watumishi wamefundishwa kukitumia. Jibu likiwa "hatuna", tutakuwa tumejua mchango wetu uende wapi.